Kimya, Tuko kwa Watu

Askari wa hifadhi hakujua kusema uongo, na hilo ndilo lililokuwa linamponza. Wapo watu wenye kipaji hicho. Wanakudanganya huku wamekukazia macho, na wewe unaondoka umewashukuru. Huyu alidanganya huku anaangalia vidole vya miguu yake. Viatu walishamvua, na mkanda pia, kama wanavyovuliwa mahabusu wote.

"Nilikuwa nyuma yake, afande. Karibu kabisa. Nyati akatoka kichakani, nikaelekeza bunduki, ikakwama."

Kila aliyemuuliza alimjibu hivyohivyo, neno kwa neno, kama mtoto aliyekaririshwa shairi. Inspekta aliyekaa mbele yake hakumkatiza. Kituoni walimwita Kobe, kwa mwendo wake na kwa tabia yake ya kung'ang'ania jambo moja mpaka wenzake wamekwisha kulisahau. Aliacha yule bwana amalize, halafu akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba fundi wa silaha ameijaribu ile bunduki nyuma ya kituo na imelia kila alipoivuta.

"Bunduki yako haijakwama. Wewe ndiye uliyekwama. Ulikuwa wapi?"

Askari akarudi kwenye vidole vyake.

Nje ya ukuta watu walikuwa wanapiga kelele. Walikuwa wamejaa getini tangu asubuhi, na karibu wote walivaa fulana moja: picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia ya turubai, kidole midomoni, na chini yake maneno yaliyokuwa yake peke yake, Kimya, tuko kwa watu. Huyo ndiye Mjomba. Kila Jumapili jioni alikuwa anaingia kwenye televisheni za watu, anatambaa mpaka karibu na tembo au fisi au mamba, anageukia kamera, anaweka kidole midomoni na kusema hivyo. Watoto waliwaambia mama zao jikoni. Wabunge waliambiana bungeni pale mwenzao alipoanza kusinzia. Mama zao hawakuwa dada zake, lakini alikuwa mjomba wao wote. Sasa nyati alikuwa amemuua, na watu waliovaa fulana ya ukimya walikuwa wanadai kwa sauti kubwa wapewe askari aliyeshindwa kumlinda, wamalizane naye wenyewe.

Mkuu wa kituo alimwita Kobe ofisini akiwa anafunga vifungo vya sare ya sherehe. Alikuwa anakwenda kwenye ukumbi wa kumuaga marehemu. Alisema mambo yamekwisha: ibada ya kuaga itakapomalizika, askari anapelekwa mahakamani kwa uzembe uliosababisha kifo, na Kobe amletee jalada likiwa limefungwa.

"Halijafungika," Kobe alisema.

"Lifunge hivyohivyo. Watu wamefiwa, wanataka mtu."

"Na nyati?"

"Wameshapigwa sita."

"Aliyeua alikuwa mmoja."

"Ndiyo maana wamepigwa sita. Asikosekane."

Kobe alirudi mezani kwake akazitandaza picha za mahali penyewe. Palikuwa na uwazi mdogo wenye majani makavu, na nyuma yake kichaka. Mjomba alisimama amekipa mgongo kichaka, anaangalia kamera. Watu wa kipindi walisimama wanamwangalia yeye, maana yake walikuwa wanakiangalia na kichaka. Nyati dume si panya. Akitoka kwenye majani makavu anaonekana na anasikika. Sasa mbona hakuna aliyepiga ukelele? Maelezo yote yalieleza nyati alivyotoka, alivyopiga, alivyoondoka. Hakuna maelezo hata moja yaliyosema mtu fulani alimwambia mzee kimbia. Na Mjomba mwenyewe, mtu aliyezeekea porini, hakugeuka. Daktari alisema pembe iliingilia mgongoni.

Katika vitu vya marehemu palikuwa na dawa ya pumu, ile ya kuvuta. Kwa muda Kobe aliishikilia hiyo. Huenda kifua kilimbana, akashindwa kukimbia, na watu wakadhani anaigiza. Akampigia simu daktari. Daktari akamjibu kwa uchovu kwamba mapafu ya mzee yalikuwa mapafu ya mgonjwa, ndiyo, lakini hapakuwa na dalili kwamba alikuwa amebanwa saa ile. Alikufa akiwa anapumua vizuri tu.

Kobe akaichukua ile dawa akainusa, akaitia mfukoni, akaenda studio.

*

Mtayarishaji wa kipindi alimpokea katika chumba chenye giza na skrini nyingi. Macho yake yalikuwa mekundu, na haikuwa rahisi kujua kama ni machozi au ni skrini. Alikuwa anaunga filamu ya maombolezo itakayoonyeshwa ukumbini: Mjomba na mtoto wa simba, Mjomba ameanguka mtoni, Mjomba anacheka. Alisema Mjomba alikuwa kama baba yake, na wakati huohuo mkono wake ulikuwa unapunguza kicheko cha marehemu kwa sababu kilizidi muziki.

Kobe akaomba aonyeshwe kipande cha mwisho kabisa.

Mzee alitokea kwenye skrini, kofia yake, ndevu zake, kichaka nyuma. Alieleza kwamba nyati mzee hufukuzwa na kundi, akabaki peke yake na hasira zake, na kwamba tusimlaumu, nasi tukifukuzwa nyumbani tungekuwa hivyohivyo. Alipomaliza akatoa dawa ya pumu, akavuta, akamtazama mtu aliyekuwa pembeni ya kamera kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu kuona kama amepata. Kukawa na mkato mdogo, halafu sauti ya mwanamke ikasema, "Ukimya." Picha ikakatika.

"Irudishe," Kobe alisema. Akaiangalia tena. "Askari anasema alikuwa nyuma ya mzee, karibu kabisa. Wewe umeandika hivyohivyo. Umeandika alikuwa anasinzia wima. Hapa naona kichaka tu."

"Alikuwa amesogea, asionekane kwenye picha."

"Amesogea upande gani? Pande zote naziona."

Mtayarishaji akasema hakumbuki vizuri, mshtuko ule, mtu akipata mshtuko anachanganya. Kobe akakubali kwa kichwa kwamba mshtuko unachanganya. Halafu akauliza ile sauti iliyosema ukimya ni ya nani, na kwa nini mtu aseme ukimya mahali ambapo kila mtu amekwisha kunyamaza.

Hapo yule bwana alipata ahueni, akaeleza kazi yake kwa furaha. Sauti ni ya fundi wa sauti, binti yake Mjomba mwenyewe. Na ni desturi ya kazi. Kila mahali pana ukimya wake. Wa chini ya miti si sawa na wa bondeni. Ukikata maneno ya mtu ukayaunga, pale penye kiungo sikio linashtuka. Kwa hiyo kila wakimaliza mahali wanarekodi ukimya wa palepale, ili ubandikwe chini ya viungo. Binti anainua mkono, na mkono ukiwa juu hakuna kukohoa, hakuna kuhama mguu, hata nzi akikutua usoni unamwacha. Mkono ukishuka, kazi imekwisha, watu wananyoosha viungo.

"Kwa hiyo nyati alipotoka, mlikuwa mnarekodi ukimya."

Furaha ikamtoka. "Tulikuwa tumemaliza."

"Nipe sauti yake."

"Haikurekodiwa."

"Mlirekodi ukimya bila kuurekodi?"

"Mashine ilikuwa na hitilafu. Nilishalieleza hilo kwenye maelezo yangu, nikatia sahihi. Kwa heshima, Inspekta, huyu askari ni wa hifadhi. Kulinda ni kazi ya hifadhi. Likianza kusemwa kwamba sisi ndio tulikosea, hakuna hifadhi itakayotufungulia geti tena. Na kazi yote ya Mjomba inakufa pamoja naye. Hilo ndilo unalolitaka?"

Kobe alimuaga. Alitoka.

Kwenye korido alimkuta mpiga picha amekaa chini kando ya sanduku la lenzi, mtu mkubwa mwenye mabega ya mbeba mizigo. Alikuwa anaila keki ya maombolezo kwa mikono miwili, bila hamu. Kobe akakaa chini naye, goti likalia. Alimuuliza kama aliona nyati akitoka.

"Sikuona. Mkono ukiwa juu mimi nafumba macho."

"Kwa nini?"

"Mzee alikuwa ananichekesha. Kila tukirekodi ukimya ananitolea ulimi, anageuza macho. Mtu mzima na ndevu zake. Nikicheka, Sikio anatugombeza wote wawili, tunaanza upya. Basi nikazoea kufumba." Akafuta makombo kifuani. "Nilifumbua niliposikia kishindo."

"Sikio ndiye binti?"

"Ndiyo. Baba yake ndiye alimwita hivyo."

"Na mtayarishaji, naye alifumba macho?"

"Yule? Yeye huwa tunamfungia garini. Hawezi kutulia, simu yake inatetemeka, koo linamwasha. Alikuwa garini na askari..." Akaishia hapo. Mkono wenye keki ulibaki hewani. Alikuwa ameona alichokisema, na Kobe naye alikuwa ameona, na wote wawili wakaangalia ukuta wa mbele kana kwamba kuna kitu kimeandikwa.

"Malizia keki yako," Kobe alisema, akainuka kwa taabu.

*

Nyumba ya msiba ilikuwa imejaa watu wasioijua. Waliingia na maua, wakapiga picha mbele ya picha ya marehemu, kidole midomoni, wakatoka. Dada mkubwa wa marehemu, bibi mkavu mwenye mkongojo, alikuwa amesimama ukutani kwa kukosa kiti. Kobe alimpa pole akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Unaona? Kila mtu humu amefiwa na mjomba. Mimi niliyefiwa na ndugu sina pa kuweka makalio." Akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Wewe ni wa polisi. Huna ua wala hulii. Unamtaka nani?"

Alipoambiwa anatakiwa binti, shangazi alishusha sauti. Alisema mtoto yule hajalia tangu siku ile, na hilo linamtisha kuliko kilio. Anashinda stoo kwenye vyombo vya baba yake, anakunja waya na kuzikunjua. Akiitwa hasikii, yeye ambaye alikuwa akisikia maji yakidondoka nyumba ya jirani. Shangazi alimwongoza mpaka mlangoni mwa stoo, akagonga kwa mkongojo, akasema, "Mama, kuna mgeni. Huyu hataki picha." Akaondoka zake.

Stoo ilikuwa na mahema, mabuti yenye tope kavu, vyandarua. Binti alikaa juu ya sanduku la bati. Alikuwa mwanamke mtu mzima, ameshaanza mvi mbili tatu, na shingoni alivaa hedifoni kubwa ambazo waya wake haukuunganishwa na kitu. Kobe akamwambia yeye ni nani. Halafu akatoa ile dawa ya pumu mfukoni akamrudishia.

Aliipokea akaitikisa karibu na sikio. "Imebaki kidogo," alisema.

"Inaleta kelele akivuta?"

"Akivuta siyo shida. Shida ni kabla ya kuvuta, na muda kidogo baada yake. Anapiga filimbi kifuani. Maiki nilikuwa nambania hapa," akagusa kifua chake mwenyewe, "kwa hiyo filimbi yote inaingia. Tumegombana mno kwa hiyo filimbi. Nilikuwa namwambia, baba, nitapata wapi ukimya wa bondeni na wewe unachemka kama birika."

Kobe akageuza ndoo akaikalia. Alisema anajua mambo matatu, na hataki kumzungusha. Kwamba askari hakuwa nyuma ya mzee, alikuwa garini. Kwamba mtu fulani alimpeleka huko. Na kwamba leo hii, watu wakishamaliza kuimba ukumbini, yule askari anapelekwa mahakamani, na kwa jinsi watu walivyojaa getini huenda asifike. La nne ndilo asilolijua: kwa nini mtu aliyeishi porini miaka yote hiyo hakugeuka.

"Sauti ipo," alimalizia. "Sijaja kukupokonya. Naomba niisikie."

 Binti alivua hedifoni, akafungua sanduku alilokuwa amelikalia, akatoa mashine, akachomeka waya. Alimvalisha Kobe yeye mwenyewe, kama anavyovalishwa mtoto kofia, akabonyeza.

Kwanza Kobe alisikia buti zinazolia, ngozi mpya isiyozoea mguu. Sauti ya binti, ya upole: "Askari, tafadhali, nenda garini na mwenzako. Viatu vyako vinaingia." Buti zikaondoka. Mlango wa gari ukafungwa. "Ukimya."

Halafu upepo. Ndege mmoja mbali. Na pumzi ya mzee, ile filimbi yake, karibu kiasi kwamba Kobe aliona haya kuisikiliza. Akafumba macho. Aliikaza akili kwenye pumzi hiyo mpaka akaizoea, na alipoizoea akasikia kwamba hailingani. Filimbi ilikuwa inaingia na kutoka, na chini ya filimbi palikuwa na pumzi nyingine, nzito, ya polepole, isiyo na filimbi. Zilikuwa zinapishana. Ghafla filimbi ikakatika. Ikabaki ile nyingine peke yake, inaingia, inatoka, inaingia.

Kobe alivua hedifoni kabla ya mwisho. Hakuhitaji mwisho.

"Alizuia pumzi," alisema.

"Mimi ndiye nilimwambia." Aliinua kiganja, vidole pamoja, akakisukuma mbele kidogo. "Hivi. Maana yake, baba, acha kupumua, hata kidogo tu. Nilikasirika. Masikioni mwangu nilisikia anahema kama ng'ombe, nikasema leo amezidi, leo ananifanyia makusudi. Macho yangu yalikuwa kwenye mashine. Akatii. Siku zote alikuwa anatii kwenye kazi yangu." Kiganja chake kilikuwa bado kiko juu. "Akazuia pumzi. Na mimi bado nasikia mtu anahema."

"Ukaangalia."

"Nikaangalia. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kichaka, nyuma ya baba, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Ametulia. Anamwangalia baba kisogoni. Baba ananiangalia mimi, amevimbisha mashavu, anajizuia kupumua, na macho yanacheka."

"Kwa nini hukupiga ukelele?"

Alimwangalia kana kwamba jibu liko wazi. "Mkono wangu ulikuwa juu."

Kobe aliutazama, bado uko juu.

"Miaka yote hiyo, Inspekta. Mkono ukiwa juu sisemi. Nyoka aliwahi kunipita mguuni, sikusema. Basi nikafanya kitu pekee nilichokijua. Nikaushusha mkono, taratibu, ili nipate kusema." Aliushusha, akauweka pajani. "Na yeye mkono ukishuka anajua kazi imekwisha. Akaachia pumzi yote. Akainua mikono kujinyoosha, akacheka. Nyati akaenda."

Sebuleni mtu alikuwa anawapanga watu kwa ajili ya picha, wa mbele wachuchumae.

Kobe alisema hakuna sheria inayomfunga mtu kwa kushusha mkono. Lakini iko inayomfunga yule wa mahabusu, na kinachoweza kumtoa ni kimoja kati ya viwili, hii kadi ya sauti iliyomo kwenye mashine au kinywa chake yeye. Binti akauliza kadi ikiingia kwenye jalada itakaa wapi. Kobe hakumdanganya. Itakaa kwenye jalada, jalada litapita mikononi mwa watu, na siku si nyingi mtayarishaji atakuwa nayo.

"Ataiweka kwenye kipindi," alisema. "Ataitia na muziki. Pumzi ya mwisho ya Mjomba. Watu wataiweka kwenye simu zao iwe inalia wakipigiwa." Alifikiri kidogo. "Yule askari ana watoto?"

"Sijamuuliza."

"Anao. Alinionyesha picha zao. Wote wamevaa fulana ya baba."

Alikunja waya wa hedifoni, vizuri, kwa kufuata mkunjo wake, akafunga sanduku. Akasema ukumbini wamempangia kusema maneno machache baada ya filamu. Mtayarishaji ameshamwandikia. Kama Inspekta anaweza kukaa mahali anaposikia vizuri, akae mbele.

*

Ukumbi ulikuwa umefurika. Jeneza liliwekwa katikati ya jukwaa, kofia ya turubai juu yake. Filamu ilionyeshwa, watu wakacheka na kulia palipotakiwa kicheko na palipotakiwa kilio. Mkuu wa kituo alikaa safu ya mbele na kitambaa mkononi. Kobe alisimama ukutani karibu na spika, kalamu tayari, na karatasi za maelezo za polisi, zile rasmi, juu ya jalada la yule askari.

Mwongoza sherehe, mtu mwenye sauti ya redio, alitangaza kwamba badala ya kusimama kimya kama wasimamavyo wengine, watamuaga Mjomba kwa namna yake. Wote waweke kidole midomoni. Wote, wakubwa kwa wadogo, na kamera iwachukue. Akainua mkono juu.

Ukumbi mzima ukanyamaza. Safu kwa safu za watu, kidole midomoni.

Sikio alikuwa amekwisha kusimama nyuma ya maiki. Aliukodolea macho ule mkono ulioinuliwa. Kwa muda Kobe aliamini kwamba hatasema, kwamba atakaa hivyohivyo mpaka mkono ushuke.

"Yule askari hakumwacha baba," alisema.

Hakupaza sauti. Mwongoza sherehe alimtikisia kichwa, akamwonyesha kidole chake midomoni. Mtu safu ya mbele akafanya ssss.

"Mimi ndiye niliyemfukuza. Viatu vyake vilikuwa vinalia, nikamwambia aende garini. Mtayarishaji alikuwa naye humo garini, anajua. Nilimwambia baba azuie pumzi, akazuia. Nikamwona nyati, nikanyamaza."

Mtayarishaji, aliyekuwa kwenye meza ya mitambo, alipitisha kiganja shingoni. Fundi akakata maiki. Sikio aliendelea bila maiki, kwa sauti ileile, na alisema yote, kuanzia buti mpaka mkono uliposhuka. Walio mbele walisikia. Mkuu wa kituo alisahau kushusha kidole, akabaki nacho midomoni, kinywa wazi nyuma yake. Walio nyuma hawakusikia kitu. Waliona binti wa marehemu anatikisa mdomo mbele ya jeneza, wakadhani amezidiwa na uchungu, anazungumza na baba yake. Kilio kikapanda kutoka nyuma kikaja mbele kama maji. Wengine walimpigia makofi. Mwanamke mmoja mwenye fulana alilia kwa nguvu kwamba mtoto huyu jamani alimpenda baba yake.

Shangazi peke yake ndiye alipanda jukwaani, ngazi kwa ngazi na mkongojo wake, akamshika mkono ule wa kulia, akaukumbatia kifuani pake na kuondoka nao, mwenye mkono akifuata.

Kobe aliandika neno kwa neno. Nyuma ya jukwaa binti aliyasoma akatia sahihi, na Mkuu wa kituo akatia yake kama shahidi, kwa sababu alikuwa amesikia na watu walimwona kwamba amesikia. Mtayarishaji akaja mbio akauliza, kwa sauti ya chini sana, kama ile kadi ya sauti imepatikana. Kobe alifungua jalada akamwonyesha maelezo yake mwenyewe, na sahihi yake chini. Haikurekodiwa. Mashine ilikuwa na hitilafu.

"Nimeyaacha kama yalivyo," alisema. "Kwa hili la sauti sina sababu ya kukutilia shaka. Kwa lile la askari kusinzia wima, kesho asubuhi uje kituoni."

*

Walimtoa askari kwa mlango wa nyuma. Walio getini walikuwa wamesikia kwamba anaachiwa, ila hawakusikia kwa nini, na hasira zao zilikuwa palepale. Alipewa mkanda wake na buti zake, akakaa kwenye benchi la korido kufunga kamba.

Kobe alimuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo kwamba alitumwa garini.

"Wangeniuliza kwa nini nilikwenda, afande. Kazi yangu ni kutoondoka. Ningejibu nini?" Alivuta kamba. "Alisema tafadhali. Tangu niajiriwe sijawahi kuambiwa tafadhali. Nikaona aibu kukataa."

Alifunga buti la pili, akauliza kama yule nyati walimpata.

"Wamepiga sita."

"Yule alikuwa na sikio moja limepasuka. Anajulikana. Katika hao sita yumo?"

"Hakuna aliyeangalia masikio."

Askari alitikisa kichwa polepole. Akainuka, akavaa kofia, akapiga saluti isiyotakiwa na mtu, akaelekea mlango wa nyuma. Buti zake zililia korido nzima, hatua kwa hatua, na hakuna aliyemwambia anyamaze.